Tonge Lililodondoka

Juzi nikila peke yangu, tonge la ugali lilinidondoka, nikajikuta natazama mlangoni.

Kwetu Iguguno Bibi alikuwa akisema tonge likikudondoka, ujue kuna mtu wako yuko njiani na ana njaa. Nilikuwa mdogo, na Mama alikuwa amepanda basi kwenda kutafuta kazi, asitume habari yoyote. Mchana mmoja, mlenda ukinukia na upepo ukivuma kwenye alizeti, nikadondosha tonge makusudi. Kisha jingine.

"Wewe, chakula hakichezewi," Bibi akasema.

Tukala tukisikiliza magari yakipita barabarani bila kusimama. Halafu tonge lake nalo likadondoka, na hakuliokota. Nikadhani mikono yake imezeeka. Wakati ule haikunijia akilini kwamba mama yangu alikuwa mtoto wake.