Wakaguzi Watatu na Birika Langu

Chuo nilichofanyia kazi Doha kilikuwa na ofisi ya ubora, na ofisi yenyewe ilikuwa mimi, meza na birika la chai. Mwaka mmoja walikuja wakaguzi watatu kuamua kama kozi yetu ya uuguzi itambuliwe. Wasipoitambua, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangeondoka na vyeti vya kufungia maandazi.

Nilikuwa na hamu ya kuona kila mmoja ataanzia wapi. Mmarekani aliuliza wanafunzi wamejifunza nini. Mwingereza aliuliza kila uamuzi ulipitia kamati gani. Wa tatu, Mkenya mwenzangu, alitoa futi kamba akapima maabara, kisha akahesabu viti, nami nikacheka kwa kukumbuka nyumbani. Zamani zetu chuoni, maharagwe yakiletwa mabichi hatukujaza fomu. Tuligoma, na mkuu wa chuo akaja mbio. Ule nao ulikuwa ukaguzi, tena wa mawe. Lakini Doha nani angethubutu kugoma, na viza ya baba yake iko mikononi mwa mwajiri?

Wakaguzi wakakutana na wanafunzi, mimi nikiwa pembeni naandika. Mwingereza akauliza wakiwa na shida humpelekea nani. Mkuu wa kozi alikuwa amewafunda wasifu kila kitu, kama tunavyofanya kwetu wageni wakija. Mwishowe binti mmoja wa Kizanzibari, ambaye baba yake alikuwa dereva wa hoteli moja mtaa wa Al Sadd, akaninyooshea kidole. Alisema huja kwangu kunywa chai, hunieleza, na baada ya siku chache mambo hutengenea.

Nilivimba kichwa. Yule Mkenya akaniangalia, akauliza kwa Kiswahili, "Na huyu mama akienda?"

Nikaliandika swali hilo pamoja na mengine.

Kozi ilitambuliwa, kwa sharti kwamba iundwe kamati ya malalamiko. Binti alipata cheti chake, na sasa ni muuguzi Unguja. Nilifurahi kama mzazi. Kamati nayo ikaundwa, maprofesa watupu, mimi nikiwa katibu, na wanafunzi wakaambiwa wapitie huko, si kwangu.

Kikao cha kwanza niliandika kwamba hakuna malalamiko. Cha pili pia. Wakubwa wakapongezana kwa ubora uliopanda. Mimi nikarudi ofisini nikiwa na uchungu, nikachemsha birika zima kwa mazoea, nikanywa peke yangu.