Empundu za Bibi Felicitas Kwenye Simu ya Posta

Bibi yangu Felicitas hajui kufurahi kwa sauti ndogo. Kishanda nzima inamjua hivyo. Harusi ikikosa empundu zake, vile vigelegele vyetu virefu, watu husema bibi harusi kaingia kama mgonjwa. Hata siku kijiji chetu kilipotangazwa cha ujamaa walimfuata shambani, akaja na tope miguuni, akapiga, akarudi kwenye migomba yake.

Sasa mtu huyo ndiye wamempa simu.

Mke wa baba mdogo Datius alijifungua Dar es Salaam. Kwetu jina la mtoto hutolewa na babu mzaa baba, na kwa kuwa babu amekufa, lilibaki mdomoni mwa bibi. Ubatizo ulikuwa kesho yake asubuhi. Asipolisema siku ile, wajomba wa mtoto wangempa lolote. Tukapanda lori la kahawa mpaka posta ya Bukoba.

"Mama, ni mvulana!" Datius alisema.

Bibi akapiga empundu. Simu ikakatika.

Zahoro wa posta akaunganisha tena.

"Mama, umesikia? Mvulana!"

Empundu. Kimya.

"Nani anakata?" bibi akafoka.

"Ni wewe, mama," Zahoro akasema.

"Mimi? Nimegusa nini?"

Zahoro akajifuta jasho. Zamani, alieleza, dada Maulida aliunganisha simu kwa mkono na kuzisikiliza kwa masikio yake. Mtu akipiga vigelegele, alicheka tu akangoja. Siku hizi mtambo unasikiliza wenyewe. Upo mlio mmoja mwembamba, mtambo ukiusikia unajua mazungumzo yamekwisha, unakata. Na empundu za bibi zikipanda juu kabisa, zinafanana na mlio huo.

"Basi uambie ni mimi."

"Hauambiwi, mama. Unajua mlio tu."

"Mmemwondoa Maulida mkaweka kitu kisichomjua anayefurahi na anayeaga!"

"Mama, nakuomba. Litaje jina, usishangilie."

"Mjukuu wangu apewe jina kimya kimya, kama kaokotwa njiani?"

"Watu wanangoja, mama."

Walikuwa wanangoja kweli, na wengine walishaanza kuguna. Bibi akaing'ata kanga mpaka sauti ya Datius iliporudi, ndipo akaiachia.

"Rugaibula. Jina la baba yako. Umesikia? Rugaibula."

Shingo ilimvimba. Empundu akazimeza.

"Rugaibula!" Datius akawatangazia waliokuwa nyuma yake. Kumbe nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa Kihaya. Wakapiga empundu wote kwa pamoja.

Simu ikakatika.

"Safari hii si mimi," bibi alisema, akimtolea macho Zahoro. "Unganisha. Sijauliza mama yake anaendeleaje."

"Zamu yako imekwisha, mama. Mzee huyu anaongea na Mwanza sasa."

Bibi akatoka akinung'unika. Alipofika chini ya dirisha la posta akasimama, akajifunga kanga vizuri, akazipiga zote alizokuwa amezimeza. Nikamwona Zahoro anakimbilia dirisha kulifunga.