Pete Iliyopita Bila Hodi

Kabla hujaanza kunicheka, ujue nimeshajicheka mwenyewe vya kutosha, na hata leo ukipita Kamenge, hapa Bujumbura, ukamwuliza mama yeyote wa makamo kama anamjua Kopo, atakuelekeza kwangu huku kashika mbavu. Kopo ni mimi. Mama yangu kule Uvira alinipa jina la Ezekieli, lakini jina hilo lilikufa mchana mmoja mbele ya watu, nikiwa nimevaa koti la shemeji.

Ilikuwa miaka ya vita, wakati wa vikwazo, vipuri haviingii nchini, na sisi mafundi wa Cibitoke ndio tuliokuwa tunachonga kila kitu. Patron wangu, mwenye karakana, alikuwa amenunua mashine ya kupimia kutoka kiwanda kilichofungwa: meza ya jiwe, na juu yake mkono unaoshuka na kijiti chenye kipira kidogo mwishoni. Unagusisha kipira kwenye chuma hapa na pale, kompyuta inakuambia unene wa chuma hicho hadi chini ya unywele. (Kikumbuke hicho kijiti, ndicho kilichoniponza.)

Sasa, kompyuta ilikuwa na programu mbili. Ya kwanza ilikuja na mashine yenyewe, ya kijivu, ya Kifaransa, yenye maswali kama mama mkwe: ukibadilisha kijiti inagoma kabisa mpaka ukiguse kwanza kwenye tufe la chuma ambalo kipimo chake kinajulikana, ili ijue kipira kipya kina unene gani. Ya pili tuliletewa kwenye disketi na rafiki ya patron, ina rangi, ina picha ya chuma chako kinazunguka, haiulizi kitu, inakuwekea alama ya kijani tu.

"Chagua weye, ni we ulisoma," patron akaniambia.

Nikachagua ya rangi, maana nani hapendi kuambiwa ndiyo?

Basi siku hiyo akaja Mama Esperance, aliyekuwa mkubwa wa akina mama kwenye uwanja wa kanisa moja Kamenge, walikojaa watu waliokimbia makwao. Pampu ya kisima chao ilikuwa inakufa kwa sababu ya pete moja ya shaba, ile nene inayoshika mhimili usicheze.

"Mutoto yangu," akasema, "hii pampu ikikufa tutashuka mutoni. Na huko mutoni, kuna wenye walienda hawakurudia."

Hakulia. Aliniangalia tu, nami nikaona aibu kwa niaba ya dunia nzima, nikamwahidi pete. Nikaipima ile ya zamani aliyokuja nayo, naye akaondoka nayo ili pampu iendelee kuchechemea. Patron akanipa kipande cha shaba, cha mwisho, akasema kingine hakipo Bujumbura nzima.

Nikaanza kuchonga vizuri. Kisha akapita jirani, na mimi (ulimi wangu huu!) nikaanza kumweleza maajabu ya mashine kwa mikono miwili, kiwiko kikagonga kijiti, kikavunjika. Nikafunga kingine, chenye kipira kinene zaidi. Programu ya kijivu ingenisimamisha hapo hapo. Ya rangi ilinyamaza, nami nikaendelea kuchonga, maana saa ya kuvifyu, ya kutotembea usiku, ilikuwa inakaribia na nilitaka kufika nyumbani mzima. Kila nikipima inasema pete bado nene, napunguza, bado nene, napunguza, mpaka kijani ikawaka. Kipimo cha mkono kilikuwa kwenye droo, lakini nani atatoa kipimo cha mkono mbele ya kompyuta?

Na kwetu kazi haijaisha mpaka iwe na hotuba. Kesho yake uwanja wa kanisa ulijaa, akina mama na mabidoni yao ya maji, fanta zimepangwa, pasta akaombea pampu, akaombea fundi, akaombea na ordinateri, yaani kompyuta yetu. Pete ya zamani tukaitoa kwa nyundo, ikatoka vipande viwili. Nikasimama na koti la shemeji, nikawaambia kwamba sasa hatukisii tena, sasa tunapima kisayansi, na pete hii inavyobana, hata nyundo itaomba msaada. Nikainua nyundo, nikaiweka pete kwenye mdomo wa tundu la pampu.

Ikapita. Haikubisha hodi, ilishuka tundu zima ikatokea chini na kuanguka, ting, kwenye kiatu cha pasta.

Mtu mmoja akamwita Mungu wake, "Mana yanje!" halafu uwanja wote ukaangua kicheko, hata pasta. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka, nikamwona Mama Esperance. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia vile vipande viwili vya pete ya zamani.

"Sasa tunashuka mutoni?" akauliza polepole.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kijiti: kipira kilinenepa, kompyuta haikuambiwa, unene wa kipira ikauhesabu kuwa shaba, nami nikawa nachonga shaba ambayo haikuwepo. Na shaba nyingine hakuna.

Miguuni pa mama mmoja palikuwa na kopo tupu la mafuta ya msaada. "Mama, naomba hilo kopo," nikasema.

"Anataka kuoga?" mmoja akauliza, wakacheka upya. Nikavua koti, nikalikata kopo kwa mkasi wa kushonea, nikaizungushia pete ukanda wa bati, mara moja, haikubana, mara ya pili, ikakataa kuingia. Sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile. Nikaipiga nyundo ikaingia ikilalamika, tukafunga pampu, ikakohoa, ikatoa maji ya kahawia, kisha meupe.

Mama Esperance akakinga kikombe cha kwanza, akaniletea mimi kabla ya pasta.

"Kunywa, Kopo," akasema, na sasa ndiyo akacheka, machozi yanamtiririka.

Tangu siku hiyo nimeapa: programu yoyote, iwe na rangi zote za upinde wa mvua, kwanza naipimisha kitu ninachokijua, na hotuba natoa baada ya nyundo. Pete ya kubadilisha haikupatikana kamwe. Pampu ile ilisukuma maji mpaka vita vikaisha, na bati la mafuta ndani yake, na akina mama wale hawakushuka mtoni. Kwa hiyo ukiniita Kopo, naitika.