Kilo Mia Saba na Ishirini

Mume wangu anaitwa Gramu. Si jina alilopewa na wazazi wake, lakini siku hizi hata mimi nikimwita lile jingine hageuki. Kazi yake ni mizani ya magari, ile ya kupimia malori kabla hayajaingia barabara kuu, na jina alilipata siku aliporudisha lori la mjomba wake mwenyewe kwa kuzidisha kilo arobaini. Mjomba aliapa hatakanyaga kwetu, na kweli hakukanyaga miaka miwili. Gramu alisema mizani haina mjomba, akaendelea kunywa chai yake.

Nisiwe mnafiki, kuishi na mtu mnyoofu kunachosha. Muuza duka akikosea akazidisha chenji, mume wangu anairudisha hata kama mvua inanyesha. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kupunguza hapa na kuongeza pale, na mteja akiniuliza kiuno chake kina inchi ngapi, namtajia zile anazotaka kuzisikia. Kwa hiyo nikisema kwamba aliyemfundisha Gramu udanganyifu ni mimi, niaminini.

Alikuwa na ndoto moja tu: trela ya kupigia kambi. Chumba kidogo chenye magurudumu, unakifunga nyuma ya gari, unakwenda kulala kando ya ziwa bila kumlipa mwenye hoteli. Aliijenga uani kwetu kwa miaka mitatu, kila Jumapili, kwa chuma, mbao na bati. Majirani walikuwa wakimuuliza kuku watahamia lini. Anacheka nao, anaendelea kupiga randa. Mwisho wa yote ikatokea trela kweli, ina vitanda viwili, jiko la gesi, kabati, tangi la maji, na mapazia niliyoyashona mimi.

Ikabaki kuisajili. Karatasi ya masharti niliisoma mimi, na laiti nisingejua kusoma. Trela isiyofika kilo mia saba na hamsini ilikuwa na ada ndogo, unalipa mara moja, yamekwisha. Ikizidi hapo, ada ni mara tatu, kila mwaka unaipeleka kukaguliwa, na lazima iwe na breki zake yenyewe. Gramu hayo aliyajua zamani. Breki alikuwa ameshazinunua, zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda chetu zikisubiri kufungwa.

"Hapa wameandika uzito wa trela tupu," nikamwambia. "Tupu ni tupu."

"Tupu maana yake bila watu na bila mizigo. Kitanda si mgeni, kimefungwa kwa bolti."

"Bolti zinafunguka," nikasema.

Aliichukua karatasi akaisoma tena, nami nikajua nimepata pa kuingilia. Wiki nzima nilimwimbia wimbo huo huo. Nilimuuliza kama uaminifu wake umewahi kumnunulia hata kiatu. Nilimkumbusha miaka ishirini na sita aliyolinda pesa za serikali, nikamuuliza serikali imemlinda lini. Maneno mengine niliyomwambia sitayaandika hapa, naona haya. Siku ya saba akachukua spana.

Jumamosi tukatoa kila kitu: vitanda, magodoro, jiko na mtungi wake, tangi, milango ya kabati, hata tairi la akiba. Vyote tukavipanga barazani kama watu wanaohamishwa. Nilipoanza kufungua mapazia, alicheka kidogo, akauliza pazia lina uzito gani. Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba. Akaivuta trela hadi kazini kwake, akaipima, na kwa kuwa zamu ilikuwa yake, cheti akakitia sahihi mwenyewe. Kilo mia saba na ishirini. Alirudi nyumbani hakula.

Vitu tulivirudisha ndani siku ile ile. Breki tulizirudisha dukani, maana sheria haikuzitaka tena, na kwa pesa zake pamoja na tulizookoa kwenye ada tukanunua magodoro mazito zaidi na tangi la maji kubwa kuliko lile la kwanza. Nilivichagua mimi. Tulikwenda nayo safari mbili, mahali tambarare, hatukupatwa na neno. Nikawa namtania kwamba dunia haijaanguka.

Nina mdogo wangu wa kiume, dereva wa basi la shule. Watoto wanamwita Polepole. Miaka kumi na tisa hajawahi kukwaruza hata kioo, na kama kuna kitu anajivunia duniani ni hicho, maana mali hana. Likizo ilipofika akaazima gari, akatuomba trela ampeleke mkewe ziwani siku mbili. Mume wangu alinitazama. Mimi nikasema, mpe, ni ndugu. Kule ziwani wakajaza tangi maji safi ya kuja nayo nyumbani.

Walipokuwa wakiteremka mlima trela ikaanza kulisukuma gari. Alikanyaga breki, gari likapinda, trela ikalipita ubavuni, vyote viwili vikaishia mtaroni. Yeye alitoka mzima. Wifi yangu alivunjika mkono mahali pawili. Askari alisoma kadi ya trela, akaona kilo mia saba na ishirini, akaandika kwamba dereva alishindwa kulimudu gari.

Siku ya tatu Polepole alikuja kwetu kuomba msamaha. Yeye ndiye aliyeomba. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mikononi, akamwambia mume wangu, "Shemeji, nimekuvunjia kitu ulichokijenga miaka mitatu. Nitakitengeneza." Kisha akasema Jumatatu anapeleka barua ya kuacha kazi. Mtu aliyeshindwa kuvuta trela nyepesi kama ile hana haki ya kubeba watoto sitini wa watu.

Mume wangu aliinuka akatoka. Nikamfuata uani. Alikuwa amesimama pale ilipokuwa trela, pana nyasi za njano.

"Namwambia," akasema.

Nikamshika mkono. Nikamwambia amebakiza miaka minne kustaafu, na sahihi kwenye cheti kile ni yake, si yangu. Nikamwambia asubiri. Ndugu yangu wa tumbo moja yuko sebuleni anajihukumu, na mimi niko uani nahesabu pensheni. Nikikumbuka hapo najichukia, wala sitafuti mtu wa kuniambia nisijichukie.

Jumapili nilikuwa nikipunguza sketi ya mteja. Nilikata kitambaa mara mbili mahali pasipotakiwa, na mimi sikosei kukata. Nikaweka mkasi chini, nikaenda kwa Polepole bila kumuaga mtu.

Nilimkuta mezani. Barua ilikuwa tayari, mwandiko wake wa kitoto, mistari iliyonyooka. Wifi alikuwa amelala chumbani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: bolti, magodoro, mapazia, boksi la breki. Nikamwambia kwamba siku ile ya mlimani, pamoja na maji, alikuwa anavuta kilo elfu moja na zaidi, bila breki.

Aliisogeza barua pembeni. Kisha akasema, "Kabla ya kuondoka niliisoma ile kadi, dada. Huwa nasoma kila kitu. Niliona uzito, nikaona aliyepima ni shemeji, nikasema hapa hakuna la kuuliza. Hata mtaroni sikuifikiria trela. Nilijifikiria mimi."

"Wazo lilikuwa langu," nikamwambia. "Yeye hakutaka."

"Nimesikia."

Barua aliikunja mara mbili akaitia mfukoni. Jumatatu hakuipeleka. Asubuhi ile ile Gramu alikwenda kwa mkubwa wake kabla sijaamka, akasema mwenyewe. Tulilipa ada kamili na faini juu yake, taarifa ya ajali ikaandikwa upya. Hawakumfukuza, ila walimtoa kwenye mizani, wakampeleka stoo kuhesabu mafagio na balbu. Wenzake bado wanamwita Gramu, lakini sasa wanacheka wakilitamka. Yeye anaitika.

Mkono wa wifi umeunga, ila hauinuki kufika kichwani, na nywele zake namsukia mimi kila Jumamosi. Polepole amerudi kwenye basi lake. Hajanitupia neno baya hata siku moja. Anakula kwangu, anacheka, ananiita dada kama zamani. Ila juzi nilimwambia mlango wa nyuma nimeufunga, tunaweza kuondoka. Akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote, "Una hakika, dada?"

Nikasema ndiyo. Akazunguka nyumba kwenda kuutazama.