Chumba cha Uani

Miaka ile serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi, karibu kila baraza la Magomeni, hapa Kilosa, liligeuka duka. Mimi niliyasikia tu makelele yake. Nilikuwa ndani, chumba cha uani, jirani na choo.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Saratani ya utumbo, pale karibu na njia ya haja kubwa, ilinipeleka Dar es Salaam. Nikapigwa mionzi wiki tano, kisha nikapasuliwa, uvimbe ukatolewa. Nilirudi nikijua nimepona. Miezi kadhaa baadaye nikaona choo kinapita ukeni. Daktari wa Morogoro alinieleza kuwa mionzi ilidhoofisha nyama za ndani, pakatoboka.

"Tukupasue tena, choo kitokee tumboni kwenye mfuko," alisema.

Nilikataa. Sikuweza kujiona nimesimama mbele ya watoto na mfuko wa kinyesi.

Basi nikajifungia. Nilichana mashuka ya mitumba, nikavaa vitambaa, nikafua, nikavaa tena. Dirisha sikulifungua, majirani wasisikie harufu. Mume wangu alihamia sebuleni. Mdogo wangu alipoolewa Mikumi, nilituma salamu kwamba nina malaria. Ningekaaje ndani ya basi saa zote zile?

Siku moja mama akatokea kutoka Malolo, bila taarifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umefunga dirisha na joto lote hili?"

Akanusa harufu, akaelewa. Akafungua dirisha, akaja kukaa kitandani, palepale nilipolowesha. Nikamweleza yote, hata habari ya mfuko.

"Na sasa hivi unatembea na nini?" aliuliza.

Nikalia. Yeye akabeba ndoo ya vitambaa, akaenda kuvifua uani, majirani wakimwona. Nilimsihi aache, hakuacha.

Mwezi uliofuata nilipasuliwa. Ukeni nikakauka, lakini mfuko ulivuja na ngozi ilichubuka. Mifuko mingine ilikuwa shida kupata, kwa hiyo nilikuwa nauosha uleule. Shuleni nilirudi kwa nusu siku, meza yangu ikiwa mlangoni. Mume wangu hakurudi chumbani.

Malolo nimefika mara moja tu tangu hapo. Njia nzima niliushika mfuko kwa mkono, chini ya kanga.