Refa na Magongo

Refa wetu wa besiboli ya sekondari hapa Nebraska hamwamini mtu, anaamini sikio lake. Kabla ya mechi hupapasa magongo yote ya aluminiamu ya kupigia mpira akitafuta ufa, kisha hulitikisa kila moja sikioni kama anayechagua nazi.

"Mzee, limekwambiaje?" makocha humtania.

Jana gongo la Tanner, mpigaji wetu hodari, lililia kama njuga.

"Limeachia ndani hili. Halichezi."

"Mzee, bila hilo mimi si kitu!"

"Basi leo tutajua nani alikuwa akipiga, wewe au hilo."

Tanner akaazima la mwenzake, akautandika mpira hadi nje ya uzio. Tukapagawa. Refa, ambaye haruhusiwi kushangilia, akatugeuzia mgongo, akatoa brashi, akainama kufagia kibao cha mpigaji kilicholazwa chini. Kilikuwa safi. Alikifagia weee, mabega yakimtikisika.