Mashati Matatu Getini

Kila rufaa ya wanawe inapotajwa hapa Port of Spain, mama huyu huwa wa kwanza kwenye geti la mahakama ninalolinda. Hujitanda mtandio kabla sijamkumbusha kwamba mahakamani hatupitishi mabega wazi, kisha hunipa mfuko wenye mashati matatu yaliyotiwa wanga. Vidole vyake vina makovu ya pasi. “Pekua polepole, mwanangu,” huniambia kwa sauti ya chini. “Wakiachiwa leo, wasitoke na makunyanzi.” Mlinzi mwenzangu humtania, “Mama, umefungua duka?” Naye hucheka. Miaka tisa sasa, na kola hazijawahi kulegea.

Leo majaji wameitupa rufaa. Kemraj na Doodnath wamerudishwa gerezani kwa mauaji yaliyowafunga, na mama yao akashuka ngazi amekumbatia mfuko. Nikamuuliza nililolimeza miaka yote: “Mama, wanao ni wawili. Shati la tatu ni la nani?”

Akaketi kwenye benchi langu, akayakunja mashati upya, lile kubwa akaliweka katikati.

“La baba yao,” akasema. “Mahakama inasema wao ndio waliomuua. Mimi nikishika pasi, mkono hausimami mpaka yatimie matatu.”